Tiki Saba kwa Soda Moja

Ndugu yangu alianza kukojoa kitandani akiwa na miaka minane, umri ambao mtoto wa kwetu tayari anatumwa dukani peke yake na anarudi na kila kitu alichotumwa. Hakuwa amewahi kuwa kikojozi. Mama alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba kijana wake aliacha mambo hayo kabla hajajua kutamka jina lake vizuri. Halafu Januari moja katika miaka ya tisini, tukiishi Kitengela kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, godoro likaanza kulowa. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili Baba aliuliza kuna nini. Kufikia wiki ya pili hakuna aliyekuwa akicheka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na heri niseme mapema nilivyokuwa ili mtu asinihurumie bure. Nilikuwa mtoto wa kupenda kusifiwa. Wengine walipenda nyama, wengine walipenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Mimi ungeniambia tu "umefanya vizuri" ungeniona naenda kuteka mitungi minne ya maji bila kutumwa. Baba alilijua hilo. Nadhani ndiyo sababu alinichagua.

Tulikuwa watu wa magharibi tulioletwa huku na kazi ya Baba. Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha misumari na nyaya, na kila asubuhi aliondoka kwa baiskeli akiwa amefunga suruali kwa raba ili isishikwe na mnyororo. Langoni mwa kiwanda kile kulikuwa na ubao mkubwa ulioandikwa SIKU BILA AJALI, na chini yake namba iliyobadilishwa kila siku. Namba ikifika tisini, kila mfanyakazi alipewa pakiti mbili za unga na mkebe wa mafuta ya kupikia. Mtu akiumia, namba inarudi sufuri na wote wanaenda nyumbani mikono mitupu. Baba aliuamini ubao ule karibu kama alivyoamini Maandiko. Alisema kabla haujawekwa watu walikuwa wakiumia kila wiki, na ulipowekwa wakaacha kuumia.

Alituhadithia siku moja tukila jinsi mwenzake alivyopondwa kidole na mashine namba ikiwa themanini na nane. Yule bwana hakusema kitu. Alivaa glavu juu ya kile kidole, akafanya kazi siku mbili, akabeba unga wake, ndipo akaenda kukitibu. Kidole kilikatwa. "Huyo sasa ndiye mwanaume," Baba akasema, na sisi sote tukacheka, hata Mama, maana Baba alikuwa na kipaji cha kusimulia. Nimeifikiria hadithi hiyo mara nyingi tangu hapo. Ilikuwa mbele yetu mezani, kati ya ugali na sukuma, na hakuna aliyeiona.

Basi Februari ilipoanza Baba akaleta ubao nyumbani. Wetu ulikuwa kalenda ya duka la dawa za mifugo, yenye picha ya fahali, akaitundika kando ya mlango na kufunga kalamu nyekundu kwa uzi. Kila asubuhi nilitakiwa kukagua kitanda cha ndugu yangu. Kikiwa kikavu niandike tiki. Kikilowa, eksi. Tiki saba mfululizo, Jumapili baada ya kanisa angenunuliwa soda, chupa nzima peke yake, na mimi nusu chupa kwa kazi yangu. Siku ya eksi angebeba shuka na blanketi lake kupitia katikati ya ploti mpaka kwenye kamba ya mwisho, watoto wa watu wakimwangalia.

"Simchapi," Baba alimwambia Mama, kwa sauti ya mtu aliyeleta zawadi. "Mimi nilichapwa mpaka nikakonda. Huyu nampea tu sababu ya kuacha. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Mama hakuridhika. Alisema mtoto aliyekuwa ameacha haanzi tena bila kitu. Wakabishana kidogo, kwa adabu, kama walivyobishana siku zote, na mwisho Mama akasema, "Sawa. Lakini hii mwezi ikiisha na eksi bado zinaendelea, mimi nampeleka hospitali. Hii si uvivu."

"Kalenda itasema," Baba akajibu.

Nilikuwepo, naosha vikombe. Nilisikia kila neno. Nilielewa vizuri kabisa kwamba eksi ndizo zingemfikisha ndugu yangu kwa daktari, na siwezi leo kusema nilikuwa mdogo, sikujua.

Wiki za kwanza niliandika ukweli. Eksi, eksi, eksi, tiki moja, eksi. Alibeba blanketi lake asubuhi kabla ya shule, na watoto wa ploti wakamwimbia ule wimbo wa vikojozi ambao kila mtoto anaujua bila kufundishwa. Siku ya tatu alijifunika blanketi lote kichwani ili wasimwone uso. Hakuona mtaro. Aliangukia kwenye ule udongo mweusi wa Kitengela, ambao mvua ikinyesha kidogo tu unashika kiatu na kukivua, na ikabidi blanketi lifuliwe mara mbili. Hakulia. Aliingia ndani akaniuliza kama nimeshaandika.

Mara nyingine nakutana na watu wanaosema watoto hawaelewi adhabu. Ndugu yangu alielewa haraka sana. Aligundua mwenyewe kwamba akikaa bila kunywa kitu tangu mchana, kitanda kinaweza kukauka, na ile tiki moja aliipata hivyo. Lakini kiu yake haikuwa kiu ya kawaida. Alikuwa anakunywa vikombe vitatu bila kupumua. Sisi tulilaumu maji. Maji ya kisima cha landilodi yalikuwa na chumvi, sote tulikuwa na kiu miaka yote, na meno yetu yalikuwa yameanza kuwa ya rangi ya chai. Baba akapiga marufuku maji baada ya saa kumi. Basi mtoto akaacha kunywa mbele yetu. Nilimkuta siku moja kando ya mkokoteni wa muuza maji, ameinama kwenye karai la punda, anakunywa pamoja na punda. Nilimcheka. Nilimwita punda wa pili, na nikamwambia nikimshika tena nitasema.

Asubuhi moja mwishoni mwa Februari nilipokwenda kukagua nilimkuta ameketi pembeni ya kitanda, shuka limekunjwa mapajani. Alikuwa na siku tatu za eksi nyuma yake. Alinishika kifundo cha mkono wa kuandikia.

"Andika tiki," akasema. "Leo tu. Nitakuoshea vyombo wiki mzima."

"Na shuka je?"

"Si wewe ndiye unafua?"

Ilikuwa kweli. Mama alikuwa na cherehani ya watu barazani, na kufua kulikuwa kumeniangukia. Niliutazama uso wake. Ulikuwa umekuwa mdogo, mashavu yameingia ndani. Nikaenda nikaandika tiki. Ningependa kusema ni huruma tu iliyonituma, na huruma ilikuwepo. Lakini ilikuwepo na nyingine. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuleta habari mbaya kila asubuhi.

Jioni Baba alipoweka baiskeli ukutani alikwenda moja kwa moja kwenye kalenda, hata kofia hajavua. Akamwita ndugu yangu, akampa mkono kama mtu mzima. Akamwambia Mama, "Unaona?" Akaniambia mimi, "Karani wangu." Chakula kilikuwa kile kile cha kila siku, lakini siku hiyo tulikaa mezani muda mrefu na Baba akasimulia mpaka Mama akafuta machozi ya kicheko. Nilikuwa sijaona nyumba yetu hivyo tangu Krismasi. Na kalamu ile nyekundu ndiyo iliyokuwa imefanya.

Asubuhi iliyofuata hakuniomba. Nilijiandikia mwenyewe.

Kwa hiyo wiki ikapita, tiki saba, na Jumapili tukanywa soda ya machungwa mbele ya duka, Baba amesimama amefunga mikono nyuma akituangalia kama mwenye shamba anayeangalia mahindi. Ndugu yangu aliimaliza yake kwa mkupuo mmoja, na nikampa iliyobaki kwenye yangu. Wiki ya pili tukapata nyingine. Wiki ya tatu Baba alifurahi mno akasema apewe mbili. Kitanda kililowa kila siku ya wiki hizo zote. Nilikuwa nimetandika karatasi ya nailoni juu ya godoro, nilikuwa naamka mapema kufua, na Mama alinisifu kwamba nimeanza kuwa msichana mkubwa. Uongo mmoja ulikuwa unanipatia sifa kutoka pande mbili. Sijawahi kufanya kazi yenye malipo mazuri kuliko ile.

Kisha wakaja sisimizi.

Mama ndiye aliyewaona, asubuhi ya siku ya kazi, mstari mwembamba kutoka kizingitini mpaka chumbani kwetu, ukipanda mguu wa kitanda cha ndugu yangu na kuishia kwenye shuka nililokuwa sijapata nafasi ya kuliondoa. Nilikuwa nimelikunja upande uliolowa uwe ndani. Mama akaniuliza sisimizi wanatafuta nini kitandani. Mkono wake ulikuwa unaelekea shuka. Nilijua akilishika tu, tiki zote zimekwisha, na karani naye amekwisha.

"Anakula sukari kitandani," nikasema. "Anaibanga kwa mkebe."

Mkono wa Mama ukarudi. Sukari haikuwa kitu cha kuchezea nyumbani kwetu, na kwa Mama wizi ulikuwa neno zito kuliko kikojozi. Alimwita. Akamuuliza. Yeye akanitazama mimi, sio Mama. Nikamtazama kwa macho yanayosema unajua tunaficha nini. Akainamisha kichwa na kusema, "Ndio, Mama." Alichapwa kwa mwiko, mara nne mikononi. Alipotoka alipita karibu nami na hakuninong'oneza hata tusi. Kumbe alikuwa ameshapiga hesabu yake: mwiko mara nne ni afadhali kuliko blanketi moja kupitia ploti. Alikuwa mtoto mwenye akili sana.

Nimemsamehe Baba, na Mama nimemsamehe. Hiyo asubuhi ya sukari sijajua la kuifanya.

Maziwa tulikuwa tukiletewa na mama mmoja wa Kimaasai kutoka upande wa Kisaju, mjane mrefu mwenye mitungi miwili ya plastiki na shuka jekundu, ambaye sisi watoto tulimwita Yeyo, kama watoto wake walivyomwita. Ukimsalimia uliinamisha kichwa naye akakugusa utosini. Akisema "Takwenya" Mama alijibu "Iko," na hapo Kimaasai chote cha Mama kiliishia. Yaliyobaki walizungumza Kiswahili, kila mmoja na cha kwao. Yeyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na tabia ya kukuangalia kama anavyoangalia mnyama anayetaka kununua, kuanzia miguu kupanda juu.

Siku ya Alhamisi alikuja kama kawaida, mimi nikiwa ndiyo nimetoka shule, akapimia maziwa, lakini badala ya kuondoka akasimama akimwangalia ndugu yangu aliyekuwa ametoka kukojoa nyuma ya ploti akaketi kwenye ngazi ya mlango. Hakuwa ameenda shule, alisema miguu imechoka. Yeyo alimgusa utosini, akaacha mkono pale muda mrefu kuliko salamu. Kisha akazunguka nyuma ya ploti, kwenye ua wa miti ya mwiba ambako wavulana walikojoa, akarudi.

"Mama," akasema, "hii mtoto iko na shida. Amekonda. Na huko nyuma mahali amekojoa, hao dudu ndogo wamejaa hapo hapo. Kwa wengine hakuna. Huyu mkojo yake iko na kitu tamu."

Mama akasema anakula sukari sana siku hizi, wizi wizi.

"Sukari ya mkebe haitoki hivyo," Yeyo akasema. "Kwetu ng'ombe akikunywa maji mingi na anakonda, hatumchapi. Tunamwangalia. Mpeleke Kajiado. Msichana yangu anafanya kazi huko hospitali, atakuonyesha daktari. Mpeleke kesho."

Nikaona uso wa Mama ukibadilika. Kile alichokuwa amekisema kuhusu hospitali kilirudi machoni mwake, nilikiona kikirudi. Alimgeukia ndugu yangu, akamshika kidevu. Halafu akageuza macho kwenye mlango, kwenye kalenda.

"Lakini ameacha kukojoa," akasema. "Angalia, Yeyo. Karibu wiki nne, hakuna hata moja amekosa. Kama ni ugonjwa, si ingezidi?" Akanigeukia. "Si ndio?"

Hilo ndilo swali. Nimeulizwa maswali mengi tangu hapo, ya mitihani, ya kazi, hata ya ndoa mbele ya kasisi. Hakuna lililokuwa rahisi kama hilo. Yeyo alikuwa ananiangalia, ndugu yangu alikuwa ananiangalia, na Mama alikuwa anataka jibu moja tu, uso wake wote ulikuwa unaniomba nimpe hilo. Hakuna aliyekuwa ameshika kiboko. Baba alikuwa kazini. Ningesema hapana, lingekuwa jambo la dakika moja.

"Ndio, Mama," nikasema.

Yeyo aliinua mitungi yake. Akasema, "Sawa, nyinyi ndio mnajua kusoma," bila kejeli yoyote, akaenda.

Jumanne ndugu yangu alianza kutapika. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa anapumua kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia kutoka mbali, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mama aliacha nguo ya mteja kwenye cherehani, akambeba mgongoni, mtoto wa miaka minane, akatoka naye barabarani. Mungu akampitisha shemeji yake Yeyo na pikapu iliyokuwa inapeleka mbuzi Kajiado. Tuliketi nyuma na wale mbuzi. Mama amempakata, mimi nimeshika mtungi wa maji niliouchukua bila kufikiri. Tulipita Kisaju, tukapita Isinya, nyika zote zimekauka, na yeye anaomba maji, na Mama anamwambia ngoja, ngoja tufike daktari aseme.

Nilimpa. Mama aliniona, hakunizuia. Ndugu yangu alikunywa, akatapika yote, akalaza kichwa.

Karibu na Kajiado alifungua macho akaniuliza, "Leo umeandika nini?"

Sikuwa nimeandika kitu siku hiyo. "Tiki," nikamwambia.

"Kwa hiyo Jumapili iko."

"Iko."

Hospitalini walimchukua haraka, siwezi kuwalaumu kwa lolote. Binti ya Yeyo alikuwepo. Daktari alimdunga kidole, akatazama, akamuuliza Mama maswali mbiombio: anakunywa maji sana? Amekonda tangu lini? Anakojoa kitandani? Mama akasema alikuwa anakojoa, lakini ameacha, mwezi mzima sasa. Daktari akainua macho kutoka kwenye karatasi. Alimtazama Mama kwa mshangao, akauliza tena, na Mama akarudia, kwa hakika kabisa, hata kwa fahari kidogo iliyokuwa imebaki. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mtungi wangu. Hapo pia sikusema kweli.

Walitaja jina la ugonjwa: sukari. Mama alidhani wanasema juu ya mkebe. Akaanza kueleza kwamba alishamchapa kwa ajili hiyo. Ilibidi binti ya Yeyo amshike mkono na kumweleza polepole kwamba mtoto hakuwa ameiba kitu.

Alifariki siku ya pili, asubuhi, Baba akiwa amefika na nguo za kiwandani. Daktari alisema wiki moja au mbili mapema pengine wangeweza. Alisema "pengine" kwa upole, kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza. Tulimzika nyumbani magharibi. Wanawake wa kwetu walilia kwa maneno, kama desturi, wakimuuliza mtoto kwa nini ametuacha bila kuaga, na mimi nililia mpaka shangazi zangu wakasema huyu alimpenda ndugu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio hakikuniumbua. Kilinipatia sifa.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilienda chuo cha ualimu. Huko tukafundishwa saikolojia ya mtoto, na siku moja mkufunzi wetu, mwanamume mpole mwenye suti moja, akaeleza habari za njiwa ndani ya sanduku. Njiwa akidonoa kitufe anapata punje. Basi anadonoa. Punje zikikatika anaendelea kudonoa muda mrefu, anadonoa tu, kwa sababu mwili wake umeshajua. Na mnyama anayepigwa umeme kwa kufanya jambo, mkufunzi akasema, mara nyingi haachi hamu ya jambo lile. Anajifunza mahali ambapo umeme haufiki. Darasa liliandika. Mwenzangu aliyeketi karibu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni vumbi la chaki.

Nilipangiwa shule Kajiado, si mbali na ile hospitali, na nimefundisha huko tangu wakati huo. Kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku, ingawa walimu wenzangu waliendelea kukiweka nyuma ya kabati kama jamaa mgonjwa. Mimi sikuwahi kukishika. Nyota za kubandika kwenye daftari nazo sikuzitumia, na kwa hilo walinicheka zaidi, wakisema mwalimu asiyechapa wala kutuza anataka watoto wafanye kazi kwa upepo. Nilichowafundisha watoto wangu, kuliko hesabu na kuliko Kiingereza, ni kwamba ukiniletea habari mbaya sitakufanya kitu. Dirisha limevunjika, sema. Umejikojolea, sema, kuna kaptura kwenye droo. Ilinichukua muhula mzima kila mwaka kabla hawajaniamini. Wengine hawakuniamini kamwe, na hao niliwaelewa zaidi.

Lakini Mama sikuwa nimemwambia. Miaka ishirini. Niliolewa, nikazaa wawili, na bado sikumwambia.

Agosti moja nilikwenda kuwaona. Baba alikuwa amestaafu, wamejenga nyumba ndogo ya mawe kwenye shamba lao nje ya Kitengela, kuelekea Kisaju. Mama alikuwa anapukuchua maharagwe kwenye ungo, nikaketi kumsaidia. Sijui kwa nini siku hiyo. Pengine kwa sababu mwanangu mkubwa alikuwa ametimiza miaka minane wiki ile. Nilimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: zile tiki niliandika mimi, Mama. Kitanda hakikukauka hata siku moja. Hata siku ile Yeyo alipokuja.

Mama aliendelea kupukuchua. Nilifikiri hajanisikia.

"Nilikuwa najua," akasema.

Niliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mimi ni mama. Unafikiri sikusikia harufu? Niligusa hiyo godoro mara ngapi ukiwa shule." Vidole vyake havikusimama. "Kila siku ya eksi baba yako alikuwa ananiuliza mbele yenu nilifundishwa kulea na nani. Unakumbuka? Ulipoanza kuandika tiki, akaacha kuniuliza. Nikasema, wacha nipumzike kidogo. Wacha hata wiki moja. Nikakuwa nangoja wewe useme."

"Mimi nilikuwa nangoja wewe uone."

"Najua," Mama akasema. "Najua, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kajiado tuwe peke yetu pamoja na ndugu yangu, sisi wawili na yeye. Mama alikuwa analia bila sauti na bila kufuta. Nilisogea, bega langu likagusa lake, na nilihisi kwamba sasa tungeweza kusema kila kitu, hata kwa Baba, na tungebaki wazima.

Baba akatokea nyuma ya nyumba na jembe. Alikuwa amezeeka vizuri, mzee wa kanisa, mwenye nywele nyeupe alizozijali. Alituona na akajua, kama wazee wanavyojua, tunamzungumzia nani. Akaliegemeza jembe ukutani, akaketi kwenye kigogo.

"Mimi huwa namshukuru Mungu kwa kitu moja," akasema. "Huyo kijana alijitahidi. Ugonjwa mkubwa hivyo, na bado alishinda. Tiki mwezi mzima. Watu hawajui hiyo ni nguvu ya aina gani. Hiyo ndiyo hunisimamisha." Akanitazama. "Wewe ndiye shahidi. Si ndio?"

Mama alishusha macho kwenye maharagwe. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na kazi ya kufundisha watoto kusema kweli.

"Ndio, Baba," nikasema.

Akanyoosha mkono akanigusa begani, akasema "karani wangu," na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia vizuri.